Kiharusi kilimwachia mzee Valerian maneno ya nyuki tu

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Valerian Lekomtsev amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na ameegemeza sikio la kushoto kwenye mlango wa ghala la nyuki. Theluji imebaki upande wa kivuli tu, kwingine kote ni matope. Mkono wake wa kulia umelala pajani kama mzigo aliopewa na mpita njia amshikie.

Ghala hilo limechimbwa nusu ardhini. Ndani yake kuna mizinga kumi na minne ambayo haijaona mwanga tangu majira ya baridi yalipoingia. Mzee anasikiliza. Nyuma yake amesimama mkewe, Klavdia, ana viatu vya mpira na kipande cha nta mkononi.

"Hii nini?" anauliza.

Kuku wa jirani anapita, anawatazama, anaendelea na safari yake.

"Syus," anasema mzee.

"Ee, nta hiyo. Na wanaovuma humo ndani ni nani?"

"Mush."

"Nyuki, haswa. Na mimi je, ni nani?"

Mzee anamtazama. Mdomo unafunguka, kisha unafungika. Anageuza uso na kurudisha sikio lake mlangoni.

"Haya, basi kesho," anasema Klavdia, na sauti yake haibadiliki. "Mimi si mzinga, sitaharibika."

Hili ndilo somo la kila asubuhi katika ua huu wa Berizshur, kijiji cha kusini mwa Udmurtia, jamhuri ya Waudmurti ndani ya Urusi. Mwalimu ana miaka sitini na minane na alikuwa mkamuaji wa ng'ombe katika shamba la ushirika. Mwanafunzi ana miaka sabini na mitatu na amefuga nyuki maisha yake yote. Mtihani ni Jumamosi hii.

Jumamosi nyuki wa kijiji kizima watatolewa nje. Kwa desturi ya Berizshur, hakuna anayegusa mzinga kabla mfugaji mkubwa kwa umri hajasimama mbele ya ghala lake, akalielekea jua, akashika mkate na asali juu ya taulo lililodariziwa, akaomba kwa sauti. Watu huitikia "Omin", kama kwingine wanavyoitikia amina. Hapo ndipo kazi inaanza.

Taulo hilo lina sheria moja. Mwenye nalo akishindwa kuomba, analikabidhi kwa anayemfuata, na likishatoka mkononi mwake halirudi tena. Valerian alilipokea kwa baba yake, mfugaji wa mwisho wa rika lake, ambaye miguu ilimshinda kabla ya ulimi. Kwa Valerian mambo yamekwenda kinyume.

"Watu wanadhani nagombania kitambaa," Klavdia anamwambia mwandishi huyu huku akigeuza tabani, chapati nene za unga uliochachuka, juu ya jiko. "Wee! Mataulo ninayo sandukuni, ukiyaanika yatafika barabarani. Lakini yule mzee namjua. Siku akilitoa lile, atapanda kitandani, ataelekea ukutani, na mimi nitakuwa mjane ambaye mumewe bado anakula."

Kiharusi kilimpata Novemba, kati ya rundo la kuni na ghala. Klavdia alimkuta amekaa chini, shoka liko pembeni, anamtazama kwa mshangao wa mtu aliyeulizwa swali gumu. Gari la wagonjwa lilichelewa kwa sababu ya barabara, kama inavyotarajiwa. Alirudi nyumbani kabla ya mwaka mpya akitembea kwa fimbo. Maneno hakurudi nayo, ya Kirusi wala ya Kiudmurti.

Hospitalini walimpa Klavdia kadi za picha amfundishe: tufaha, mwavuli, tramu, lile gari la abiria la mjini lipitalo kwenye reli. Alizionyesha kila siku kwa utiifu. Mzee alizitazama kwa utiifu vilevile, kisha akafumba macho.

"Tramu!" anasema Klavdia. "Huyu hata akifika mjini Izhevsk anatembea kwa miguu, eti anaogopa kukaa karibu na watu wasiosalimiana. Sasa unamwamsha kwa tramu?"

Neno la kwanza lilikuja Januari, bila kadi. Klavdia alikuwa anayeyusha nta ya kutengenezea mishumaa. Mumewe alikuwa amekaa kwenye benchi karibu na jiko la matofali, na harufu ikamfikia.

"Nikasikia nyuma yangu, 'Syus.' Sufuria ikanitoka mkononi! Mpaka leo sakafu hapo inateleza, ukipita nyanyua miguu. Nikamwambia, rudia. Akarudia. Nikalia, nikacheka, nikampiga kibao cha begani, sijui hata kwa nini."

Tangu siku hiyo kadi zikawa za kuwashia jiko. Klavdia akaanza kuleta nyuki ndani ya nyumba, kwa maana ya vitu vyao. Alileta kiganjani nyuki mmoja aliyekufa, akapata "mush." Akaburuta kutoka darini mzinga wa gogo wa babu mkwe wake, mzito kama dhambi, akauweka katikati ya chumba, akapata "umorto," yaani mzinga. Akampa asali kwenye kijiko, akapata "chechy," tena mzee alilisema kwa ukali, kama anadai kijiko cha pili.

Maji aliyaomba kwa kidole, mkate kwa kidole. Jina la mkewe hakulisema hata kwa bahati mbaya.

"Nta ameikumbuka, gogo amelikumbuka," anasema Klavdia. "Mke aliyemzalia watoto watatu bado anatafutwa."

Anasema hivyo akicheka. Kisha anaacha kucheka na kukung'uta unga kwenye aproni yake, na ni wazi kwamba linamuuma.

Mwezi Machi alifika Alevtina Urasinova, mwalimu wa chuo kikuu huko Izhevsk, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akizunguka vijijini kukusanya maneno ya ufugaji nyuki. Kwa Valerian si mgeni. Miaka kumi iliyopita alimrekodi siku nzima, akaondoka na kanda za sauti na ndoo ya asali. Safari hii alileta machungwa, akakaa naye kwenye benchi, akasikia maneno manne ndani ya saa nzima.

Jioni, kwenye chai, Klavdia alimuuliza swali moja tu: kwa nini haya, na si mengine?

Alevtina alisema hajui, hilo ni la daktari. Anachojua yeye ni maneno yenyewe yalikotoka, na hilo alilieleza kwa furaha mpaka chai ikapoa. *Mush*, alisema, ni mzee kuliko kijiji hiki, mzee kuliko hata Waudmurti wenyewe. Wamari, majirani zao, wana neno la ukoo huohuo. Wahungari, walio mbali kabisa, nao wanalo. Watu hao waliwahi kuwa na lugha moja, zamani za kale, kabla hawajatawanyika, na lugha hiyo nayo inasemekana ililipokea neno hilo kwa watu wa nyikani, upande wa kusini.

Aliyekuwa mezani pia ni Trofim, binamu yake Valerian, anayeishi ng'ambo ya kijito na ambaye huja chai inapochemka bila kuitwa.

"Ngoja kwanza," alisema Trofim. "Kumbe hata nyuki tuliazima?"

"Neno tu, Trofim agai, si nyuki," alisema Alevtina, akimwita kaka kwa Kiudmurti.

"Afadhali. Wenyewe wasije kudai riba."

Msomaji asimcheke. Sisi nasi neno nyuki ni letu tangu asili, lakini neno asali tulilipokea kwa Waarabu, na hakuna anayekumbuka hilo akilamba kidole.

*Syus*, neno la nta, Wakomi wa kaskazini nao wanalo kwa namna yao, kwa hiyo nalo ni la zamani, ingawa si la zamani sana kama nyuki. Asali ina kisa chake. Wahenga waliiita *mu*, na neno hilo leo limejificha ndani ya *musur*, jina la pombe ya asali ya sherehe. *Chechy* ndilo lililokuja kulifukuza, na lilikotoka wataalamu bado wanavutana mashati.

"Halafu wakaja Warusi na mizinga ya masanduku," alimaliza Alevtina. "Kila kilichokuja na sanduku kilikuja na jina lake. Fremu, mashine ya kukamulia, hata dymar."

Dymar ni kile kikopo chenye mdomo na kiriba cha kupulizia moshi. Hapa Berizshur hakina jina lingine.

Klavdia alijimiminia chai nyingine. Akauliza, "Na Klavdia? Jina langu limetoka wapi?"

"Hilo lilikuja na mapadri wa Kirusi, Klavdia apai," alijibu Alevtina, akimwita dada kwa heshima. " La juzijuzi tu, ukilinganisha na nyuki."

"Ahaa," alisema Klavdia, akaweka kikombe chini. "Basi nimeelewa. Anaanzia chini kabisa, anapanda. Nyuki kwanza, nta, mizinga, asali. Mimi niko mwisho wa foleni, pamoja na dymar."

Alevtina alishtuka. Akaeleza kwamba ubongo haufanyi kazi hivyo, kwamba yeye hakusema hivyo, kwamba asije akanukuliwa gazetini. Daktari wa wilaya, alipoulizwa, alikuwa mkavu zaidi. "Kichwa si shimo la udongo lenye matabaka," alisema. "Mgonjwa amepata maneno aliyoyatumia zaidi akiwa na mikono yake kazini. Umri wa neno hauna habari na kiharusi."

Mwandishi alimfikishia Klavdia maneno hayo.

"Daktari ni kijana mzuri," alijibu. "Lakini miaka arobaini na sita mikono ya Valerian imekuwa kazini na mimi pia. Kwa hesabu yake ningekuwa nimeshakumbukwa. Kwa hesabu ya Alevtina angalau nina foleni. Mtu akiwa kwenye foleni anajua anasubiri nini."

Wiki moja kabla ya siku yenyewe, Trofim alikuja na wazo. Alevtina alikuwa amewatumia kwenye simu ile sauti ya miaka kumi iliyopita, Valerian akiomba sala nzima mbele ya ghala. Kwa nini wasiiweke simu juu ya taulo, ikaomba?

"Simu iwaombee nyuki?" aliuliza Klavdia. "Na ikiishiwa chaji katikati, nusu ya nyuki wafe?"

Hata hivyo waliibonyeza wasikie. Sauti ikatoka, nene, ya mtu mwenye mapafu, ikimwita Inmar, Mungu wa mbinguni, ashushe joto na maua. Valerian alisikiliza mpaka katikati. Kisha akainuka kwa fimbo yake, akaenda kitandani, akalala akiutazama ukuta. Hakula siku hiyo wala hakujibu nyuki wala nta. Klavdia aliifuta ile sauti kwenye simu, na Trofim hakuleta wazo lingine.

Wazo alikuwa nalo, ila hakulisema. Kijiji kizima kilijua kwamba Trofim, ambaye ndiye anayemfuata Valerian kwa umri, alikuwa akijifunza sala zizini. Mkamuaji jirani alimsikia. "Anaanza vizuri," alisema jirani huyo, "ila akifika kwenye maua ng'ombe anamjibu, anapotea, anaanza upya."

Alipoulizwa, Trofim hakukana. "Sikiliza," alisema, akivuta kofia. "Mimi sijamwombea ndugu yangu mabaya. Lakini nina miaka sabini na moja, nami sijawahi kulishika lile taulo. Likija, nisije nikaaibika mbele ya watu. Ni kosa hilo?"

Si kosa. Jumamosi alikuja amevaa shati jeupe lililopigwa pasi.

Watu walifika jua likiwa limepanda juu ya paa, wafugaji wote na wasio wafugaji, maana baada ya nyuki kuna meza. Klavdia alikuwa ameuweka mkate juu ya taulo na bakuli la asali juu ya mkate. Alimvisha mumewe koti la sherehe, akamfunga vifungo, akamweka mbele ya mlango wa ghala, akamwekea taulo na vyote vilivyokuwa juu yake kwenye mikono yote miwili. Mkono wa kulia haukuweza kubeba, kwa hiyo yeye mwenyewe alisimama karibu na kuushikilia kwa chini.

Valerian akalitazama jua. Watu wakavua kofia.

Sala huanza kwa kumwita Inmar. Mdomo wa Valerian ulifunguka, lakini neno hilo halikutoka. Akajaribu tena. Shingo ilimtoka mishipa. Watu wakaanza kutazama viatu vyao, na mtu mmoja nyuma akakohoa bila kuwa na kikohozi. Klavdia hakumtazama mumewe. Alikuwa anamtazama Trofim, na uso wake ulikuwa uso wa mtu anayeomba kitu ambacho hawezi kukitamka.

Bakuli liliinamia upande wa mkono wa kulia, asali ikaanza kutiririka ukingoni.

"Mush," akasema Valerian.

Hakikufuata kitu. Neno moja tu, nyuki, na mvumo ndani ya ghala. Hiyo si sala. Hakuna aliyewahi kusikia sala ya namna hiyo, na kila mmoja alijua kilichobaki ni Trofim kusogea mbele na kunyoosha mikono.

Trofim alisogea mbele hatua moja. Akakohoa.

"Omin!" akasema kwa sauti kubwa, kama vile sala nzima ilikuwa imeombwa.

Watu wakageuka kumtazama. Kisha mmoja akasema "Omin," na mwingine, na wote.

Valerian alivuta pumzi. "Umorto," akasema.

"Omin!"

"Syus."

"Omin!"

"Chechy!" akasema, kwa ule ukali wake wa kudai kijiko cha pili, na safari hii watu waliitikia huku wakicheka, na wanawake wawili walikuwa wakijifuta macho kwa vitambaa vya kichwani. Nyuki, mzinga, nta, asali. Kilichokosekana katikati walikijaza wenyewe, maana wamekisikia kila masika tangu utotoni.

Trofim ndiye aliyefungua mlango wa ghala. Alipoulizwa baadaye kwa nini alifanya vile, na shati lake lile, alijibu kwa mkato. "Kaita nyuki, wamekuja. Ulitaka aite nini, tramu?" Akaomba amiminiwe kidogo kumyshka, ile pombe kali ya nyumbani, akamiminiwa si kidogo.

Kwa desturi, sala ikishaitikiwa imeombwa. Taulo lilikunjwa na kurudi sandukuni kwa Klavdia, na hakuna aliyezungumza habari za mwakani.

Mizinga ilibebwa nje mmoja mmoja. Nyuki wakatoka kwa fujo kufanya haja waliyoibana majira yote ya baridi, na theluji iliyobaki ikajaa madoa ya manjano. Shati la Trofim nalo halikusalimika.

"Hongera, shemeji," Klavdia alimwambia. "Wamekubariki."

"Mwaka huu mimi ndiye niliyebarikiwa peke yangu," alisema Trofim, akijitazama kifuani. "Wengine mmeitikia bure."

Saa sita watu walikuwa mezani. Valerian alikuwa amebaki kwenye mizinga, kwenye ndoo yake. Alitaka kufungua mzinga wa mwisho aone kama malkia yupo. Alikuwa ameondoa kifuniko kwa mkono wa kushoto, nyuki wanamzonga usoni, na mkono huohuo ukawa unapapasa nyasi kutafuta kitu kisichokuwepo. Klavdia alikuwa anapita na sahani za tabani.

"Dymar!" akasema mzee, kwa hasira kabisa, kama mtu ambaye hajawahi kuugua.

Klavdia alisimama. Sahani ziliinama, chapati mbili zikaanguka matopeni, naye hakuziokota.

"Umesikia?" alimuuliza mwandishi. "Kasema dymar. Si la wazee hilo. Hilo ni la masanduku, la Kirusi. Amefika kwa Warusi!"

Aliweka sahani chini. Akakimbia ghalani, akaleta kikopo, akawasha vipande vya kuni zilizooza ndani yake, akapuliza mpaka macho yakamtoka machozi, ambayo alisema ni ya moshi. Mipango ya kiangazi aliitaja hapohapo, akiwa amepiga magoti: watakaa hapa kwenye mizinga kila asubuhi, mpaka miti itoe maua Julai, mpaka asali ikamuliwe, na ikibidi mpaka nyuki warudi ndani. Yeye hana haraka. Mbele yake kwenye foleni hakuna mtu tena.

Akamkabidhi mumewe kikopo. Mzee akafukiza moshi mara mbili, akachungulia ndani, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Malkia yupo.

"Na mimi?" aliuliza Klavdia, kama anavyouliza kila siku. "Mimi ni nani?"

Valerian aliinua macho kutoka kwenye mzinga. Mdomo ulifunguka, ukafungika, ukafunguka tena. Safari hii hakugeuza uso.